Upepo Kwenye Mafuta

Landrova ilizima kwenye kona ya tatu juu ya Mwanga, pale bwawa la Nyumba ya Mungu linapoanza kuonekana likimeta kule chini tambarare. Haikukohoa wala haikugonga. Ilipungua nguvu polepole kama mtu anayezidiwa na usingizi kwenye mahubiri, ikatikisika mara mbili, ikanyamaza. Niliruka chini kutafuta jiwe la kutia nyuma ya tairi, maana breki ya mkono ya gari ile ni pambo. Baba mdogo hakushuka. Alibaki kwenye kiti cha abiria, mikono magotini, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma saa ya ukutani: "Imevuta upepo."

Mimi nilikuwa na jibu jingine mfukoni, tena la maandishi. Wiki moja kabla ya hapo gereji moja ya mjini ilinipa karatasi yenye neno moja na bei yake: pampu, laki nane.

Karatasi ilitaja kitu. Baba mdogo alitaja kilichotokea. Nimefanya kazi ya maneno miaka mingi, lakini sikuwahi kuona tofauti ya nomino na kitenzi ikifika shilingi laki nane.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, la toleo lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1971. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Marehemu baba alilinunua mnadani, likabeba saruji, mahindi, wagonjwa na maharusi kati ya Mwanga na Usangi mpaka injini yake ya petroli ilipochoka, likasukumwa nyuma ya nyumba na kuku wakahamia. Bodi ni ya aluminiamu, haikuoza. Chesisi ni ya chuma, ilioza kama jino. Mimi na baba mdogo tuliamua kulifufua uani, bila gereji, kwa likizo na Jumamosi. Chesisi tuliikata na kuichomelea vipande vipya. Injini tulitia ya dizeli, 3L iliyotoka kwenye Hiace, na kati yake na gia boksi ya zamani tukaweka pleti aliyotuchongea fundi wa Moshi. Wanatusema Wapare kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Hesabu ya Landrova ile siitoi hadharani, ila ng'ombe walikuwa zaidi ya mmoja.

Pembeni ya kisanduku cha spana niliweka daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika majina ya vitu, wa kulia niliandika vitu hivyo vinafanya nini vikiharibika. Sikuwa na nia yoyote kubwa. Nilichoka tu kuulizwa "nipe ile" na kutojua ile ni ipi.

Ukurasa wa kushoto ulijaa haraka: rejeta, klachi, gasketi, nozeli, pistoni, ringi, beringi, bushi, shokapu, difu, tairodi, ekzosi, stata. Hakuna hata moja lililozaliwa huku. Yote yalishuka bandarini ndani ya maboksi ya spea, yakiwa na grisi yake, na fundi akayapokea kama alivyopokea vyuma vyenyewe: akayajaribu mdomoni, na lisilokaa akalichonga. Wazee waliomfundisha baba mdogo walisema shokomzoba, neno ambalo linadunda lenyewe kama gari lisilo na kitu hicho. Vijana wamelikata likabaki shokapu.

Ukichimba chini ya majina hayo unakutana na matabaka ya zamani zaidi. Gari ni neno la Kihindi. Usukani ni wa Kiarabu, tena wa baharini: uligeuza majahazi karne nyingi kabla ya kugeuza magurudumu. Wareno walituachia bomba, wakatuachia na parafujo. Parafujo maskini lilisukumwa kando na skrubu, leo unalikuta kwenye kamusi na kwenye mitihani ya shule. Mwingereza naye alipokuja na pampu, ambayo kwa Mreno ndiyo hilo hilo bomba, hatukutupa neno lolote. Tuligawa kazi: bomba linapitisha, pampu inasukuma. Na msasa, huu tuliosugulia kutu ya chesisi mpaka vidole vikatoka damu, ni mti. Majani yake yanakwaruza, maseremala walilainishia mbao, na karatasi ya dukani ilipofika ikarithi jina la jani. Kati ya vyote vilivyokuwa kwenye kisanduku chetu, nadhani ndilo neno ninalolipenda kuliko yote.

Kuhusu majina haya kuna watu wanaofanya kazi rasmi. BAKITA ipo tangu mwaka 1967, na mwaka 1992 Zubeida Tumbo-Masabo na Hermas Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kitabu ambacho bado nakifungua. Neno istilahi lenyewe lina ukoo mzuri. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa suluhu na maslahi: istilahi ni jina ambalo watu wamepatana juu yake. Kwa Waarabu mzizi huo huo unatoa pia neno la kutengeneza kilichoharibika, kwa hiyo mtu anayepeleka gari gereji Muscat na mtu anayekaa kikao cha istilahi Dar es Salaam wanakula kwenye sinia moja bila kujuana.

Sina ugomvi na vikao. Nimekutana na kichapuzi, jina la kile unachokanyaga gari liongeze mwendo, na nasema limeundwa vizuri: kuchapuza, kichapuzi, hakuna doa. Ila Usangi hakuna atakayekuambia ukanyage kichapuzi. Utaambiwa "kanyaga mafuta." Mafuta hayako chini ya unyayo, yako kwenye tanki chini ya kiti, lakini ukikanyaga ndiyo yanayokwenda. Neno la kikao limetaja kifaa. La uani limetaja tokeo.

Huku milimani tuna neno msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: kuzibua mfereji, kutengeneza ndiva ya maji, kufukia mashimo ya barabara baada ya masika. Limepanda likaingia hadi kwenye kamusi ya Kiswahili. Maneno ya gereji yamejengwa kwa msaragambo. Hakuna aliyelipwa posho, kila mtu alikuja na jembe lake, na kama ilivyo kwa barabara ya msaragambo, kuna mahali pamenyooka na kuna mahali unashangaa waliwaza nini.

Mfano wa pa kushangaza: kushusha injini. Tulisimamisha magogo matatu ya mkaratusi, tukayafunga juu, tukaning'iniza chenibloku, na injini ya zamani ikapanda, nasema ikapanda, mpaka ikapita juu ya grili na kubembea usawa wa kifua changu. Mjomba aliyekuwa anapita njiani akauliza: "Mnashusha injini?" Tukajibu ndiyo, tunashusha. Nilipomwambia baba mdogo kwamba kwa macho yangu imepanda, alinitazama kama anavyotazama bolti iliyokatikia ndani. "Mzigo ukiutoa kwenye gari unaushusha," alisema. "Hata ukiupeleka ghorofani?" "Hata ukiupeleka Shengena." Shengena ndicho kilele kirefu cha Upare, sikuwa na la kuongeza.

Na kufunga. Kuifungua injini ni kuitawanya vipande, kuifunga ni kuirudisha mahali pake. Tuliifunga ile 3L mwezi wa Ramadhani. Mtu akipiga hodi kuuliza kama fundi amefunga, mama alikuwa akijibu "amefunga" na kumwacha mgeni achague mwenyewe.

Ukurasa wa kulia ndio ulionishinda kuufunga. Bushi huchoka. Springi hulala. Fyuzi hufa. Mtu wa mjini anaweza kudhani ni njia tatu za kusema kitu kimeharibika, sivyo. Kilichochoka bado kinafanya kazi kwa manung'uniko, unaweza kukibembeleza hadi mwisho wa mwezi. Springi iliyolala imepoteza upinde wake, fundi wa springi ataigonga upya na itaamka. Kilichokufa hakina mjadala, lete kingine. Baba mdogo akisema shokapu zimechoka nakunywa chai kwanza. Akisema beringi imekufa nachukua funguo za pikipiki.

Kisha kuna kula. Injini inakula oili: ringi zimechoka, oili inapita pembeni ya pistoni, inaungua na moshi unatoka wa bluu. Tairi linakula upande: magurudumu ya mbele hayatazami njia sawasawa. Hapa, kwa haki, tairi ndilo linaloliwa, barabara ndiyo mlaji, lakini sijawahi kusikia mteja akimwelewa fundi vibaya. Spea feki inakula pesa. Fundi mbaya anakula pesa na muda. Kitenzi kimoja, na kila mara unajua nani yuko mezani.

Kuchemsha nako kumetoka gereji na kwenda mtaani. Maji ya rejeta yakichemka gari limechemsha. Mwanafunzi akifeli naye amechemsha, na timu ikifungwa nyumbani imechemsha. Spana imefuata njia hiyo hiyo: siku hizi waziri akisemwa sana mitandaoni wanasema amepigwa spana. Mitaa haikuazima majina ya spea. Sijamsikia mtu akiitwa difu.

Pale ambapo hata kitenzi hakitoshi, kuna tanakali za sauti, na hapa ndipo ninapowaonea huruma wanaounda istilahi, kwa sababu hakuna kikao kinachoweza kupitisha "tiki-tiki-tiki." Tapeti zikilegea hulia hivyo, kavu, kama cherehani chumba cha pili. Beringi za konrodi hulia "ko, ko, ko," nzito, unaisikia miguuni kabla ya masikioni, na hiyo ndiyo injini iliyonoki. Mkanda wa feni unapiga mluzi. Jointi ya propela ikiisha inasema "kru" mara moja tu, unapoachia klachi. Baba mdogo anaweza kuigiza zote kwa mdomo, na nimemwona akiongea kwa simu na dereva aliyekwama Lembeni, wote wawili wakiliana "ko ko" na "tiki tiki" kama ndege, mpaka wakaafikiana.

Kwa hiyo ana kanuni moja. Wateja humjia na majina. Wamesikia kwa jirani, wamesoma kwenye simu, wanafika na jibu: pampu, gasketi, betri. Anawasikiliza, anafuta mikono kwa kitambaa, halafu anauliza: "Sijakuuliza ni nini. Inafanyaje?" Inafanya hivyo ikiwa baridi au ikishapata moto? Mlimani au tambarare? Tanki likiwa limejaa au likiwa nusu? Ukiizima ukasubiri, inarudi? Majibu yote ya maswali hayo ni vitenzi. Jina linakuja mwisho, dukani, wakati wa kulipa.

Yangu ilifanya hivi: kutoka Same hadi Mwanga kwenye lami, haina neno. Ikianza kupanda kwenda Usangi, dakika kumi, inapungua, inazima. Ukisubiri kidogo na kupampu kwa mkono juu ya filta ya dizeli, inawaka na kupanda kipande. Tanki likiwa nusu, hali mbaya zaidi. Tulifika nyumbani siku ile kwa vituo vitano, cha mwisho mbele ya duka ambako watoto walijipanga kutazama mzee akibonyeza kitufe chini ya boneti kama anayekamua mbuzi.

Sasa nirudi kwenye upepo. Kamusi itakuambia kwamba tunachovuta puani ni hewa, na upepo ni hewa inayokwenda. Mwalimu wa fizikia atamsahihisha fundi: sema hewa imeingia kwenye mafuta. Nilimsahihisha baba mdogo hivyo hivyo mwaka wa kwanza, sina fahari nalo. Lakini fundi hasumbuliwi na hewa iliyotulia. Hewa imejaa chini ya boneti, imejaa kwenye ndoo tupu, na haimuudhi mtu. Kinachomsumbua ni ile inayosafiri: imeingia mahali, inapita kwenye bomba, inakwenda kufanya uharibifu mbele. Hiyo inakwenda, ndiyo upepo. (Kwenye tairi hoja yangu inalegea kidogo, nakiri. Tunajaza upepo na ukishaingia unatulia humo. Labda jina limebaki na safari yake ya kuingia.)

Uharibifu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Dizeli haikubali kubanwa. Pampu ikiisukuma, msukumo unafika wote hadi kwenye nozeli, ncha inafunguka, mafuta yanamwagika kama ukungu. Upepo unakubali kubanwa. Kiputo kikikaa ndani ya bomba, pampu inasukuma, kiputo kinabonyea kama mto wa kulalia, na nozeli haipati habari. Breki ni hadithi ile ile: pedeli inazama chini, laini, bila gari kusimama, mpaka utoe upepo gurudumu moja moja ukianzia lililo mbali.

Kutoa upepo. Mara ya kwanza nilipolisikia kwa makini nilifikiri kutoa pepo, na si bahati mbaya, maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja: pepo naye ni kitu kisichoonekana kilichoingia pasipo pake. Kazi yenyewe inafanana na uganga. Mmoja anakaa ndani anakanyaga, mwingine analala chini na spana namba 11, wanaitikiana. "Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia!" "Nimeshikilia." Nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, inafunguliwa, povu linatoka, pedeli inazama. "Usiachie!" Nipo inafungwa. "Achia." Ukiachia kabla haijafungwa, ule ule uliotoka unavutwa kurudi ndani, na matusi yanayofuata siyaandiki hapa.

Mlima wetu una kumbukumbu ndefu na upepo. Kaskazini mwa Usangi iko Ugweno, nchi ya Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala huko kabla ya Wasuya kuwapindua. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa huku huku Upare, ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Chuma cha Ugweno kilinunuliwa mpaka Uchagani. Mhunzi alikuwa na mvukuto, na kazi ya mvukuto ni moja tu, kutia upepo, kwa sababu tanuri lisilo na upepo ni jivu. Injini ya dizeli ingemshangaza kidogo mhunzi yule. Nayo inaishi kwa upepo, inaubana ndani ya silinda mpaka uwe wa moto kiasi cha kuwasha mafuta bila plagi, lakini inautaka uingie kwa mlango mmoja tu, ule wa mkonga. Ukipitia mlango wa mafuta, inakufa.

Mkonga, kwa wasiokaa na magari ya porini, ni bomba lile linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele ili injini ivute upepo juu ya maji gari linapovuka mto. Jina ni la tembo na halihitaji maelezo. Zuri zaidi ni lilivyoenea: leo dalali akikuambia anauza "Mkonga" anauza Land Cruiser nzima, pua imekuwa mnyama. Barabara zetu zimejaa wanyama wa aina hii. Jeshi lina vifaru. Dar es Salaam ilikuwa na vipanya. Na Kibaha, kwenye mradi wa Nyumbu, liliundwa lori la Kitanzania lililoitwa kwa jina hilo hilo, ambalo kwa Kiswahili ni mnyama wa Serengeti na pia ni mtoto wa punda na farasi. Kwa lori, wa pili ndiye mwenye wasifu unaofaa.

Asubuhi ya pili baada ya kufika nyumbani tulilipandisha gari kwenye kingo ya shamba la kahawa, pua juu, kama linavyokaa mlimani. Injini mbele imeinuka, tanki nyuma limeshuka, pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Baba mdogo alikata kipande cha mpira mweupe unaoonekana ndani, aina ile ya kupimia maji ya ujenzi, akaufunga kati ya filta na pampu. Tukawasha. Mafuta yalipita yakiwa na rangi ya chai ya rangi, safi, labda nusu dakika. Kisha viputo: kimoja, viwili, halafu shanga nzima, vidogo, vikikimbizana kuelekea kwenye pampu.

"Unauona upepo?" aliniuliza. Nilikuwa nauona. Kitu ambacho karatasi ya laki nane haikukitaja kilikuwa kinapita mbele ya pua yangu.

Mtu asiyejua angetafuta mahali panapovuja. Tulishatafuta wiki nzima, tukalala chini na tochi, hakuna tone. Bomba linalosukuma likitoboka linatoa. Linalovuta likitoboka linameza, na kwa nje linakaa kavu kama kuni. Baba mdogo alichukua kopo la grisi na kuanza kuipaka kwenye kila kiungo, akianzia kwenye pampu na kurudi nyuma, kiungo kimoja, anasubiri, anatazama mpira. Filta: shanga zinaendelea. Kiungo cha ukutani: zinaendelea. Akainua kiti cha dereva, akapaka pale mpira wa mafuta unapokutana na tanki, kidole kikizunguka klipu.

Shanga zikakatika. Mpira mweupe ukawa chai tupu.

Tuliufungua. Ulikuwa mpya, nilikuwa nimeuziwa kama jenuini katika duka moja ambalo sitalitaja. Ukiwa umenyooka huoni kitu. Ukiukunja, chini kabisa ya mahali klipu ilipobana, kulikuwa na ufa wa urefu wa punje ya mchele. Mita moja ya mpira wa dizeli na klipu mbili: shilingi elfu sita, na nauli ya bodaboda.

Nililegeza nati nne za mabomba ya nozeli. Kijana wa jirani, anayejifunza kazi na anayeitwa Dogo na kila mtu, akapiga stata. Povu, povu, kisha dizeli safi ikaruka kwenye bomba la kwanza. "Kaza." La pili. "Kaza." Kabla sijakaza la nne injini ilikuwa imeshika, ikawaka kwa silinda tatu ikitetemeka, na nilipokaza ikatulia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nayo hadi Mwanga na kurudi. Kwenye kona ya tatu hakuna aliyesema neno. Juu zaidi, mahali mvua ilipokuwa imekula barabara, baba mdogo alinyoosha mkono na kusema: "Tia nyekundu." Landrova za aina hii zina vishikio viwili vidogo pembeni ya gia, cha njano na chekundu. Cha njano kinaunganisha magurudumu ya mbele. Chekundu kinaingiza gia za nguvu, zile za kupanda ukutani. Nyumbani kwetu vishikio hivyo havijawahi kuwa na jina jingine. Januari ya ada, mama alikuwa akihesabu pesa kwenye khanga na kusema mwezi huu ni nyekundu, nasi tulijua hakuna nyama.

Ilipanda. Lakini kuna sauti. Inatoka upande wa kushoto, gia ya pili peke yake, tena mpaka uwe unakata kona. Si kru, si tiki, wala si mluzi. Nilimuuliza baba mdogo inafanyaje ile. Alifumba macho kona mbili nzima, akaniigizia kwa mdomo, barabara kabisa, akasema twende tu. Nimejaribu kuiandika. Kwenye daftari, ukurasa wa kulia, kwa penseli, ipo hivi: ng'wi. Kushoto kwake bado hakuna kitu.